Deni Lililohamia Mtwapa

Ukikaa na wenye nyumba wa Kisauni utasikia mengi juu ya kumtoa mpangaji: notisi ilivyoandikwa, chifu alivyosema, nani alikuja na pikapu kubeba vyombo. Hadithi huishia pale pikapu inapokata kona. Kwetu sisi kazi ilianzia hapo, maana pikapu iliondoka na makochi, jokofu na magodoro, na shilingi 96,000 za kodi zikaenda nayo.

Nyumba yenyewe iko Mshomoroni, ghorofa moja, milango sita ya kupangisha. Marehemu baba aliijenga kwa mshahara wa bandarini, chini kwanza, juu baadaye, ngazi mwisho kabisa. Alipofariki, urithi uligawanywa kwa Kadhi: mama thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na kilichobaki ni cha sisi watoto wanne, kila mwanamume sehemu mbili za mwanamke. Kaka zangu ni wawili, na sisi wasichana wawili. Kodi ya kila mwezi hugawanywa vivyo hivyo, na deni pia ni kodi, ila halijafika tu. Kwa hiyo katika zile 96,000 mama anadai 12,000, kila kaka 28,000, mimi 14,000 na mdogo wangu 14,000.

Naitaja hesabu hii mapema kwa sababu kila aliyesikia habari zetu alinijia na ushauri uleule: dada, msamehe, Mungu atakulipa. Sawa. Mimi ninayekusanya kodi na kuandika daftari nilikuwa na ruhusa ya kusamehe 14,000. Zile 82,000 nyingine si mali yangu, na mtu hawi mkarimu kwa fedha za mamake.

Mpangaji alikuwa mpishi katika hoteli moja ya ufuoni upande wa Shanzu. Mtu mstaarabu, wa salamu, na mkewe akikaanga viazi karai jioni. Miaka ya mwanzo alilipa kabla sijamkumbusha. Lakini anayeishi Pwani anajua mshahara wa hoteli ulivyo. Desemba vyumba vinajaa, Januari hadi Machi kazi ipo, Pasaka ikishapita na masika yakaanza kumwaga, hoteli hupunguza watu au hufunga kabisa hadi Julai. Wafanyakazi wa kandarasi huambiwa waende nyumbani wasubiri simu. Mwaka mmoja alichelewa miezi miwili akaja kuilipa Agosti. Mwaka uliofuata hoteli ilifungwa kwa ukarabati, na ule ukarabati ukapitiliza. Miezi ikawa saba. Saba mara 16,000 ni 112,000. Toa dipoziti ya mwezi mmoja, zinabaki 96,000.

Mama ndiye aliyechelewesha notisi. Alikuwa akisema mtu ana watoto, atakwenda nao wapi mvua hii. Kwa upande mwingine, shangazi yangu wa Majengo alikuwa akimcheka. Yeye ana nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ukumbi katikati, na kama nyumba nyingi za kule, nyumba ni yake lakini ardhi si yake. Kila mwezi mwenye ardhi anataka chake, mpangaji alipe asilipe. Mtu aliye katikati hivyo, anayedai huku anadaiwa, hana nafasi ya huruma ndefu. Nadhani sisi tulimvumilia mpishi kwa muda wote ule kwa sababu tu kiwanja kilikuwa cha baba.

Notisi ilipoandikwa hatimaye, aliipokea bila ugomvi na akasema mwisho wa mwezi atatoka. Na akatoka kweli, mzee wa mtaa akiwepo. Kwa hiyo korti haikuhusika katika kumtoa. Nalitaja hili kwa ajili ya wale ambao mpangaji wao hakubali kutoka hadi amri ipatikane: ukienda kortini kutafuta amri ya kumtoa, weka na madai ya kodi humo humo. Taratibu za kesi za madai za Kenya hazipendi mtu akate dai lake vipande. Ulichokiacha leo kwa haraka ya kupata nyumba, kesho unaweza kuambiwa ulikuwa na nafasi ya kukidai na hukuitumia.

Asubuhi ya kuhama, kaka yangu mkubwa alikuja na wazo lake. Alitaka tuzuie jokofu na runinga. Tukizishika, alisema, atarudi mwenyewe na pesa. Ni wazo ambalo kila mwenye nyumba analo kichwani, na lina mzizi wake katika sheria. Sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, sura ya 293, inamruhusu mwenye nyumba kufidia kodi kwa vyombo vya mpangaji. Lakini kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, kwa utaratibu wake, si na kaka mtu aliyesimama mlangoni amekunja ngumi. Ukivizuia mwenyewe, umempa mdaiwa wako kesi dhidi yako, na ghafla mnadaiana. Tena haki hiyo imefungamana na nyumba: kwa kawaida mpangaji akishatoka na vyombo vyake, imetoka naye. Na hata tungemwita dalali wiki moja kabla, jokofu lililotumika na magodoro ya watoto yangeuzwa bei gani? Dalali hujilipa kwanza.

Tukaacha vyombo vipite. Nilichokitaka mimi ni saini.

Karatasi ilikuwa moja, ya daftari la mistari, nimeiandika usiku uliotangulia. Jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, simu yake na ya mkewe, hoteli anayofanya kazi, kwao ni wapi, na anahamia wapi: kwa shemeji yake, Mtwapa. Kisha miezi saba, mmoja mmoja, na kiasi cha kila mwezi. Kisha dipoziti imekatwa. Kisha jumla, kwa tarakimu na kwa maneno. Kulikuwa na bili ya maji isiyolipwa, na yeye akakumbusha kwamba alitengeneza pampu ya kisima kwa pesa zake mwaka uliopita; tukaziweka pamoja, zikakaribia kulingana, tukaziandika kwamba zimemalizana. Hilo la pampu ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mpangaji anayedaiwa huwa na madai yake madogo ameyaweka moyoni, rangi aliyopaka, kufuli aliyonunua, na usipoyapa nafasi kwenye karatasi yatatokea kortini yakiwa yamenona. Mwisho tarehe ya kukabidhi ufunguo, saini yake, saini ya mama kwa kuwa mkataba wa kupanga ulikuwa kwa jina lake, na mzee wa mtaa akawa shahidi pamoja na mke wa mpishi.

Alitia saini akiwa amesimama, karatasi juu ya boneti la pikapu. Naamini angepelekewa karatasi ile miezi mitatu baadaye asingeigusa. Mtu anayehama mbele ya majirani bado aibu yake ni mbichi, na anataka jambo liishe kwa heshima. Ukimwachia muda, aibu hugeuka hasira, na wewe uliyemvumilia miezi saba unakuwa ndiye uliyemdhulumu.

Kisheria karatasi hiyo ina nguvu mbili. Malimbikizo ya kodi yana muda wake wa kudaiwa kortini, miaka 6 tangu kila kodi ilipopaswa kulipwa, na mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na saini, hesabu ya muda huanza upya siku hiyo. Ya pili ni kwamba ubishi wa nani alipanga nini, lini na kwa bei gani unakuwa umekwisha. Kinachobaki ni mtu aliyekubali kwamba anadaiwa na hajalipa.

Alituma 5,000 kwa M-Pesa mwezi uliofuata. Zikabaki 91,000. Baada ya hapo, kimya. Simu inaita haipokelewi, ujumbe unasomwa haujibiwi, halafu nambari ikawa haipatikani.

Hapo ndipo washauri walipoongezeka. Jirani mmoja alikuwa na vijana wake wa kudai, wanakwenda watatu, hawapigi mtu, wanakaa tu mlangoni mwake. Sikutaka kujua zaidi. Mwingine akasema tupige ripoti polisi. Kodi isiyolipwa ni deni, si wizi, na askari ukimweleza vizuri atakuambia hivyo mwenyewe. Binamu yangu alikuwa tayari na picha ya mpishi, aliyoitoa kwenye mitandao, na nakala ya kitambulisho chake, anataka kuzirusha kwenye magrupu ya wenye nyumba wa Kisauni, Bamburi na Mtwapa: jihadharini na mtu huyu. Hii siku hizi imekuwa desturi, na mimi siipendi. Kwanza kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtu ambaye kitambulisho chake kimetolewa kwa ajili ya kupanga nyumba kisha kikatangazwa mitandaoni ana mahali pa kwenda kulalamika. Pili, mpishi aliyeaibishwa Pwani nzima ataajiriwa na nani? Kwa sababu hiyohiyo nilikataa kupiga simu hotelini. Fedha zetu ziko ndani ya kazi yake. Kazi ikienda, zimekwenda nayo.

Kaka yangu wa pili, yule anayeishi Nairobi, alitutumia ujumbe wa sauti mrefu. Alitusomea ile aya ya Sura ya Baqara kwamba mdaiwa akiwa na dhiki angojwe mpaka apate nafuu, na kusamehe ni bora zaidi. Alisoma vizuri, ana sauti. Nikamjibu kwamba ukishuka aya mbili tu unaifikia ile inayoamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo, na hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Sijaona ubaya wa kuzishika zote mbili. Kungoja si kufuta. Na kumngoja mtu lazima ujue yuko wapi.

Mama yeye alikuwa na lake. Siku ya maziko ya baba, kabla ya kuswaliwa, ilitangazwa kama kawaida kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na watu wawili walijitokeza, mmoja kwa deni dogo la saruji. Mama hajalisahau. Alisema hataki mtu wa watu aje kusimamishiwa tangazo hilo kwa ajili yetu. Ama alipe, ama tumsamehe kwa kauli, lakini deni lisibaki likining'inia. Niliona ni maneno ya maana kuliko ya vijana watatu.

Basi tukaamua kushtaki, na swali likawa wapi. Wengine walituelekeza kwa Kadhi, kwa vile pande zote ni Waislamu na urithi wetu ulipita huko. Lakini Katiba, ibara ya 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Kodi ya nyumba haimo. Baraza la kodi za nyumba za makazi nalo lina mpaka wake, nyumba ambazo kodi ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha enzi nyingine kabisa. Kama ungekuwa ni mlango wa duka au mkahawa ningekwenda kwenye baraza la nyumba za biashara, ambalo lina sheria yake, sura ya 301, na notisi zake za miezi miwili. Kwetu ilibaki korti.

Na korti tuliyoiendea ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, na marekebisho ya 2020 yaliipandisha hadi madai ya shilingi milioni 1. Nilichokipenda ni kwamba imeundwa kwa ajili ya watu kama sisi: kesi inatakiwa kumalizika ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, anayesikiliza anaitwa mwamuzi, hafungwi na kanuni zote za ushahidi, na si lazima uwe na wakili. Mama magoti yanamsumbua, hawezi kukaa kwenye mabenchi ya korti asubuhi nzima, kwa hiyo aliandika barua ya kuniruhusu nimwakilishe.

Ina mpaka wake pia, na mwenye nyumba anayesoma hapa autie akilini. Haiamui kesi za umiliki wala ukaaji wa ardhi, na kesi za kodi zimewahi kupingwa kwa hoja kwamba ni ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji unaostahili korti nyingine. Ndiyo maana wakili mmoja wa mtaani kwetu, nilipomwonyesha karatasi yetu, alisema kwanza: usiende ukisema amekaa nyumbani mwangu, nenda ukisema amekiri deni hili na hajalilipa. Nikaandika hivyo. Kama huna karatasi ya aina hiyo, muulize wakili kabla ya kulipia kesi.

Ushahidi niliokusanya ulikuwa mchache. Karatasi ya mlangoni. Mkataba wa kupanga. Notisi. Na taarifa ya M-Pesa ya mama, si picha za ujumbe kwenye simu. Wapangaji wetu hulipa kidogokidogo, elfu tatu leo, elfu tano keshokutwa, mara nyingine kwa nambari ya mke au ya rafiki, na ukitegemea kumbukumbu utampunja mtu au utajipunja. Nilikaa na kalamu nikapiga mstari chini ya kila malipo yake ya miaka miwili. Nilikuta yote niliyoyahesabu. Nilikuta pia kwamba katika miezi ile saba hakuwa amelala tu: alituma mara mbili pesa ndogo ambazo nilikuwa nimeziweka, kwa haki, kwenye bili ya maji. Nilifurahi kuziona zimeandikwa.

Kumpata ndiko kulikochukua muda. Bila samansi kumfikia, kesi haitembei, na siku 60 zinahesabika. Mtwapa si kijiji. Ukivuka daraja unaingia Kaunti ya Kilifi, barabara imejaa mikahawa na baa hadi alfajiri, na shemeji aliyetajwa kwenye karatasi alikuwa keshahama. Tulimpata kupitia viazi karai. Mke wa mzee wetu wa mtaa alimwona mke wa mpishi akiuza karibu na steji, wakasalimiana, wakaulizana watoto. Mpelekaji wa samansi akamkuta mpishi nyumbani Jumapili. Aliniambia mpishi hakuwa mkali. Aliisoma, akaweka saini, akauliza kama mama mzima.

Korti za Mombasa ziko mjini, upande wa Ngomeni, na kama hujawahi kwenda, vaa viatu vya kusimama. Alikuja. Sikuwa na hakika kama angekuja. Nilimsalimia, akaitika, "Dada, shikamoo mama umfikishie." Tukakaa benchi moja kama watu wanaongoja daktari.

Ndani hakukana deni. Alipinga mwezi mmoja, wa mwisho, akidai alitoka mwanzoni mwake na hakupaswa kuulipa wote. Mwamuzi akaomba karatasi, akaona tarehe ya kukabidhi ufunguo na saini, jambo likaisha kwa muda mfupi kuliko ninavyolieleza. Kisha akamuuliza anaweza kulipa vipi.

"Elfu kumi kila mwezi," akasema, haraka.

Nikasema hapana. Mwamuzi akanitazama, maana ni mara chache mdai akatae pesa nyingi. Lakini nilikuwa nimelifikiria. Mdaiwa aliye mbele ya korti hutaja kiasi chochote kitakachomfungulia mlango wa kutokea, na elfu kumi za mpishi zingekufa Aprili, mvua ya kwanza, tukarudi pale pale tukiwa na amri iliyovunjwa. Nilimuuliza mwenyewe, kaka, mwaka huu wameshakuita? Akasema wamemwita kuanzia Julai, kandarasi hadi Machi. Basi tulikubaliana kwa msimu: Julai hadi Novemba 7,000 kila mwezi, Desemba hadi Machi 10,000, Aprili, Mei na Juni asilipe kitu na wala tusimpigie simu, kisha Julai na Agosti 8,000 za kumalizia. Inatimia 91,000. Mwamuzi akayaandika makubaliano yetu yakawa amri ya korti. Riba hatukuomba, mama alishanionya nisirudi nyumbani na riba.

Wenzangu wenye nyumba wakisikia mpango huu husema nimembembeleza. Huwauliza wao wangefanya nini na hukumu ya kulipa yote kwa mkupuo. Hukumu ni ruhusa ya kuanza kazi nyingine. Ungemtuma dalali wa korti nyumbani kwake, na Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai inamkataza kugusa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana ambazo mtu anapatia riziki. Toa hivyo kwenye chumba cha mpishi wa Mtwapa uone kinachobaki. Ungekamata mshahara, na theluthi mbili zake haziguswi. Tena wa kandarasi mshahara wenyewe ni wa miezi tisa. Ipo na njia ya jela ya madai. Korti humwita kwanza aeleze kwa nini asifungwe, na inataka kuona kwamba anazo na anakataa, si kwamba hana. Na akifungwa, anayetoa fedha za kumtunza akiwa ndani ni yule anayemdai. Nilipomweleza mama hilo aliacha kupeta mchele.

"Yaani nimlishe mimi?"

Ndiyo, mama. Umlishe wewe.

Neno dogo kuhusu ushuru, kwa sababu huulizwa. Tunaolipa ule ushuru wa mapato ya kodi kila mwezi, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, tunaulipa kwa kodi iliyoingia. Miezi ile saba hatukuitolea ushuru kwa kuwa haikuingia. Sasa inapoingia kipande kipande, kila kipande huingizwa kwenye hesabu ya mwezi kilipopokelewa. Wengi huona deni la zamani likilipwa kama zawadi. Mamlaka ya ushuru haioni hivyo.

Alilipa. Julai alituma tarehe tatu. Septemba alichelewa akatuma ujumbe kabla sijauliza. Desemba, mwezi ambao hoteli zinafurika, ndio aliopungukiwa: alituma 8,000 badala ya 10,000 na kusema mtoto alikuwa amelazwa. Nikajumlisha na zile 5,000 za mwanzo, ikawa amelipa 48,000 na amebakiza 48,000. Nusu kwa nusu.

Nikampelekea mama daftari kama nifanyavyo kila mwisho wa mwezi. Aliangalia mstari wa mpishi, akaniuliza thumni yake katika hizo zilizobaki ni ngapi. Nikamwambia 6,000. "Hizo muachieni. Mwambie kwa mdomo, nisikie." Nikampigia, simu nikaiweka kwa sauti, mama akamwambia mwenyewe: mwanangu, yangu nimekuachia, ya wanangu uwalipe. Mdogo wangu alikuwa pale anasuka watoto nywele, akasema na yangu pia, 7,000, andika. Nikaandika, na nikamwomba mpishi aje tutie saini sote karatasi ya kupunguza deni tuipeleke kwenye faili la korti, kwa sababu msamaha usioandikwa nao huleta ubishi.

Mimi sikusamehe. Paa la ngazi linavuja na zamu ya kulitengeneza ni yangu. Kaka yetu mkubwa, mwenye wazo la jokofu, alisema anachukua chake chote, na ni haki yake.

Salio sasa ni 35,000. Kaka wa Nairobi nilimwandikia siku hiyohiyo kwamba katika hizo zake ni 14,000, na kwamba mama na mdogo wetu wameshasamehe, na yeye je, kwa vile ndiye aliyetusomea aya. Ujumbe ameusoma. Nangoja jibu.